Kigongo cha Mdakaji Mkongwe: Jorge Posada na Thamani ya Msimu wa 2007

Mabibi na mabwana, wapenzi wa michezo na ninyi wanafunzi wa takwimu mliojitokeza kwa wingi kuliko nilivyotarajia, nawashukuru kwa kunipa jioni hii. Swali nililoombwa kulizungumzia ni la zamani katika besiboli, na halijawahi kuisha: mdakaji ambaye umri umeshamtupa mkono anapoanza kupiga mpira vizuri kuliko alivyoupiga ujanani, je, tuseme thamani yake imepanda, au tuseme amekutana na bahati ya mwaka mmoja? Badala ya kulijibu juu juu nitamshika mtu mmoja, Jorge Posada, mzaliwa wa Santurce huko Puerto Rico, aliyeichezea New York Yankees maisha yake yote ya ligi kuu.

Kwa wale ambao mchezo huu ni mgeni kwao, mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akiwa na barakoa usoni na kinga kifuani, akidaka mipira zaidi ya mia moja kwa mchezo mmoja, mingi ikimjia kwa kasi inayozidi kilomita 140 kwa saa. Yeye ndiye anayempa mrushaji ishara ya mpira wa kutupa. Magoti yake huchoka, vidole vyake hupinda, na kwa kawaida kigongo chake, yaani uwezo wake wa kupiga, huanza kulegea mapema kuliko cha wenzake, ndiyo maana timu nyingi huridhika na mdakaji anayedaka vizuri hata kama hapigi chochote cha maana.

Sasa tuutazame mwaka wenyewe. Mwaka 2007 Posada alitimiza miaka 36. Katika majaribio 506 alipata mapigo safi 171 (yale yanayomfikisha mpigaji salama kwenye kituo, mojawapo ya vituo vinne anavyovizunguka), yaani wastani wa 0.338, ulio wa nne katika Ligi ya Marekani nzima, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, na kati ya mapigo hayo 20 yaliruka uzio. Mwaka uliotangulia wastani wake ulikuwa 0.277, na kabla ya hapo 0.262. Kura za mchezaji bora wa ligi zilipohesabiwa alishika nafasi ya sita, nyuma ya wengine akiwemo mwenzake wa Yankees, Alex Rodriguez, aliyeitwaa tuzo. Ilipofika Novemba, klabu ikampa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 52.4. Hapo ndipo mabishano yalipoanza kwa kweli, maana fedha hizo zilikuwa zinakwenda kwa mtu ambaye mkataba ungemfikisha umri wa miaka 40.

Wenye shaka walikuwa na hoja nzito, nami sitaki kuipunguza uzito. Ukiitenganisha takwimu ya 2007 vipande vipande, unaona kwamba vitu vilivyo mikononi mwa mpigaji mwenyewe havikubadilika sana. Mapigo ya kuvuka uzio yalishuka kutoka 23 hadi 20. Idadi ya mara alizotolewa kwa straiki tatu (straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha upite) ilibaki pale pale, chini kidogo ya mia moja. Kilichobadilika ni hatima ya mipira aliyoipiga ikabaki ndani ya uwanja: mwaka 2006 mipira ya namna hiyo ilimpa pigo safi kama mara 30 katika kila 100, na mwaka 2007 ikampa karibu mara 39. Mchezaji mwenye miguu mepesi anaweza kufikia kiwango hicho kwa kukimbia, lakini Posada, tuseme ukweli, hakuwa mtu wa kukimbia. Kwa hiyo sehemu ya wastani ule ilikuwa ni mipira iliyoangukia mahali ambapo hapakuwa na mtu, na mipira ya namna hiyo haina ahadi ya kurudi mwaka unaofuata.

Hata hivyo neno bahati hutumiwa kwa uvivu. Mtu anayepata mapigo 42 ya kumfikisha kituo cha pili, idadi kubwa kuliko zote katika maisha yake, hakuwa anaokota vijipira vilivyopotea njia. Alikuwa anaupiga mpira kwa nguvu. Tena alizidisha subira, akapewa kituo cha kwanza bila kupiga mara 74, kumi zaidi ya mwaka uliotangulia. Hukumu yangu ni kwamba maendeleo yalikuwepo, ila yalikuwa madogo kuliko yalivyoonekana kwenye ukurasa wa takwimu.

Na hapa ndipo ninapoachana na wenye shaka. Wao walimpima Posada kwa kipimo cha mpigaji, kana kwamba angeweza kusimama mahali popote uwanjani. Lakini klabu haimnunui mpigaji wa hewani. Inamnunua mpigaji pamoja na nafasi anayoijaza, na nafasi ya mdakaji ni ile ambayo timu nyingine zilikuwa zinaijaza kwa watu wasiopiga. Hata kama angeshuka akarudi kwenye 0.277 yake, tofauti kati yake na mbadala wake ingebaki kubwa.

Hatuhitaji kubahatisha kuhusu jambo hili, kwa sababu mwaka 2008 ulitufanyia jaribio. Bega la Posada liliharibika, akacheza michezo 51 tu, kisha akafanyiwa upasuaji. Nafasi yake ikachukuliwa na José Molina, Mpuerto Rico mwenzake, ambaye katika michezo 100 alipiga kwa wastani wa 0.216 na kuvusha uzio mara tatu. (Moja kati ya hizo tatu ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupigwa na mtu yeyote katika uwanja wa zamani wa Yankees; historia ina mzaha wake.) Mwaka huo Yankees walikosa hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza baada ya misimu 13 mfululizo ya kufika huko. Sisemi kwamba pengo la Posada peke yake ndilo lililowaangusha, kwani warushaji nao walikuwa na matatizo yao, lakini pengo hilo lilionekana karibu kila siku.

Ila huyu huyu Molina ananilazimisha kuwa mwadilifu, kwa sababu alikuwa na ufundi ambao Posada hakuwa nao. Mpira unapopita ukingoni mwa eneo la straiki, yaani eneo la mbele ya mpigaji ambamo mpira huhesabiwa kuwa mzuri, mdakaji mwenye mikono tulivu huupokea kwa namna inayomshawishi mwamuzi auhesabu kuwa straiki. Kamera za kufuatilia mwendo wa mpira zilipoenea, watafiti waliweza kuihesabu kazi hiyo, wakamweka Molina miongoni mwa mabingwa na Posada chini kabisa. Kwa hiyo sehemu ya mbio (pointi zinazopatikana mchezaji anapovizunguka vituo vyote) alizoziingiza Posada kwa kigongo, alizirudisha kwa glavu yake, na wakati mkataba unasainiwa hapakuwa na mtu aliyeziandika kwenye hesabu. Mwaka 2009 mrushaji A.J. Burnett alidakiwa na Molina katika mechi za mtoano, na Posada akaanzia benchi siku hizo, ingawa mwaka huo huo alikuwa amepiga 0.285 na kuvusha uzio mara 22 kwa timu iliyotwaa ubingwa wa dunia.

Kwa mwaka huo mmoja wa 2009 naona fedha zilirudi. Mwaka 2010 wastani ulishuka hadi 0.248. Mwaka 2011 Russell Martin akaletwa kudaka, na Posada akafanywa mpigaji asiyecheza ulinzi, akimaliza msimu na wastani wa 0.235 na mapigo 14 ya kuvuka uzio. Namba hizo nyuma ya barakoa zingevumilika. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kupiga, hazikutosha. Mwezi Mei, kocha Joe Girardi, ambaye zamani waligawana naye kazi ya udakaji, alimpanga wa tisa katika orodha ya wapigaji dhidi ya Boston, na Posada akaomba asicheze usiku ule. Wengi walimlaumu. Mimi nadhani alielewa kuliko wote maana ya nafasi ile ya tisa: ndipo wanapowekwa wadakaji wasiopiga, naye hakuwa tena mdakaji.

Tarehe 21 Septemba mwaka ule ule aliitwa kutoka benchi dhidi ya Tampa Bay, vituo vyote vikiwa vimejaa, akapiga mpira ulioingiza mbio mbili na kuwapa Yankees ubingwa wa kanda yao. Januari 2012 akatangaza kustaafu.