Pima damu ya ndama kabla hajaanza kuhara

Haya wazee wangu, mama zangu, jua la hapa viwanja vya Ngongo mnalijua, na wengine hapa habari ya dang'a, yale maziwa ya kwanza mama akishazaa, mmenisikia nayo kila Nanenane mpaka mmechoka, mtaisikia tena. Ndama anazaliwa hana kinga, kinga ya mama haipiti kwenye kondo, yote iko kwenye dang'a, na utumbo unaipokea masaa ya mwanzo tu, yakifika 24 basi tena. Ndama wa kilo 20 apate kama lita 2, na aanze mapema, ndani ya masaa 6.

Mtaniambia "daktari, tunamwona ananyonya". Unaona mdomo tu! Mbona korosho unaiona imekauka kabisa, ukifika ghalani wanapima unyevu? Ndama naye apimwe. Akiwa na siku mbili mpaka wiki moja, vuta damu kidogo shingoni, iache igande, yale maji ya njano yanayobaki juu weka tone kwenye rifraktomita, kile kifaa kidogo cha kuchungulia, elekeza kwenye mwanga usome protini, maana kinga ya dang'a yenyewe ni protini. Haitaki hata umeme. Chini ya gramu 5.2 kwa desilita, huyo yuko kwenye hatari ya kuhara, nimonia na kuvimba viungo, hata kama leo anarukaruka.

Kuna mfugaji mmoja upande wa Nachingwea, ndama wanamfia, yeye kashikilia ni maji ya kisima, mara jirani ana jicho baya. Tukapima. Waliozaliwa mchana wako vizuri, waliozaliwa usiku wote chini, nikamuuliza kijana wa zizi usiku inakuwaje, akasema bosi kaagiza ndama akizaliwa atolewe awekwe chumbani asikanyagwe, fisi asimchukue, mama yake anamwona asubuhi kumekucha. Na hapo kijana kabla ya kumrudisha kashakamua dang'a kamwaga, eti maziwa machafu! Sasa jicho la jirani limeingiaje hapo?

"Kwa hiyo akiwa chini unamchoma sindano gani?" Hamna sindano jamani! Dang'a la siku ya tatu haliingii tena kwenye damu. Huyo utamlaza pakavu, kitovu ukipake ayodini, umtenge na wanaohara, umwangalie kila siku. Kipimo kinampima mwenye zizi, ili ndama wanaofuata wapone. Na usipime mmoja ukaridhika, pima kama 12, wakiwa chini ya 5.2 watatu kwenda juu hapo zizini kuna tatizo.

Naonyeshwa saa, haya haraka, ndama anayehara kakaukiwa maji usimpime, namba inapanda inakudanganya. Ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, kipimo hiki hakikutabirii, kupe ogesheni.

Mwenye ndama wa wiki hii hapa karibu anifuate nyuma ya banda, sindano za kuvutia damu ninazo. Mzee wa ndigana nimekuona, shusha mkono kwanza.