Koma si usingizi

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma. Aliyelala ukimfinya ataamka, aliyezimia anarudi baada ya muda mfupi, lakini wa koma umfinye umwite hafungui macho. Kwenye shina la ubongo kuna sehemu inayotuweka macho, ikiumia, ama ubongo wote ukikosa oksijeni au sukari, mtu anazima. Daktari anatumia kipimo cha Glasgow cha tangu 1974, macho, maneno na viungo, alama 3 mpaka 15, ukiwa 8 kushuka chini hiyo ni koma.

Sababu ni nyingi, boda kuanguka bila helmeti, stroku, homa ya uti wa mgongo, figo ama ini kufeli, malaria kupanda kichwani, hii kwa watoto watu husema ni jini na asubuhi nzima inapotea kwa mganga.

Lakini mie nataka nikae kwa sukari. Mtu ana kisukari, Ramadhani amefunga, amejidunga insulini, dawa ya kushusha sukari, wakati wa daku, saa kumi jioni jasho lamtoka, mikono yatetemeka, maneno hayaeleweki, nyumbani wasema ni saumu muacheni alale. Saumu gani jamani, sukari imeshuka! Kama bado anameza mpe juisi ama tende hapo hapo, afungue. Akishazima usimtie chochote mdomoni, si maji si asali, kitaingia mapafuni, mlaze ubavu mumkimbize hospitali. Huko ni tone la damu kidoleni kupima sukari, glukosi, yaani sukari yenyewe, kwa mshipa, na mara nyingi dakika chache tu anauliza yuko wapi. Mkimuacha masaa, ubongo unaharibika na hapo glukosi haitoshi.

Wengine dawa yao ni atisuneti ya malaria, ama antibiotiki, ama skani na upasuaji kama damu imevujia ndani, huku mashine ikimsaidia kupumua. Na tafadhali semeni ukweli. Niliwahi kupokea kijana wenzake wakasema ameanguka tu, kumbe ni unga, yaani heroini, na sindano ya naloksoni ya kuizima ipo ila lazima tujue tunatibu nini, tulipoteza dakika tukitafuta jeraha kichwani ambalo halikuwepo.

Mama hapo mbele ameuliza kama mgonjwa anasikia. Wengine ndio, ubongo wao hupokea sauti hata mwili usipojibu, kwa hivyo mimi huwaambia ndugu wamsalimie kwa jina lake, na habari za maziko wasizizungumze kitandani pake.