Mashine ya Wateja Si Uwanja wa Majaribio

Ndugu zangu, hili nimelisemea kila nilipokaribishwa, na nalirudia kwa sababu fedha bado zinapotea. Meinifremu ya benki, ile kompyuta kubwa inayobeba akaunti zote, ipo kwa ajili ya wateja. Kwa nini tunaipangia foleni kujaribu mstari mmoja wa COBOL, lugha ya programu za benki? Tujaribie kwenye emuleta, programu inayoiga meinifremu ndani ya kompyuta ya kawaida.

Niliwahi kukaa meza moja na dada aliyebadilisha mstari mmoja katika programu ya riba. Saa nne asubuhi akatuma kazi yake. Ikasubiri nyuma ya kazi za benki. Saa nane mchana ikaanguka kwa kosa liitwalo S0C7. Aliyeandika COBOL anaijua hiyo: palipotakiwa tarakimu, pana nafasi tupu. Akarekebisha, akatuma, akasubiri. Jioni ikaanguka tena, kosa lilelile, safari hii kwenye sehemu ya jirani. Siku nzima ya fundi hodari imeliwa na nafasi tupu mbili! Kwenye emuleta, ndani ya laptopu yake, zote mbili angezimaliza chai ikiwa bado ya moto.

Halafu kuna bili. Kwa leseni nyingi za z/OS, mfumo endeshi wa meinifremu za IBM, malipo ya mwezi hufuata kilele: ule wastani wa matumizi ya mashine kwa saa 4 mfululizo uliozidi wote mwezi huo. Majaribio yakiangukia saa ambayo wateja wamejaa, yanapandisha kilele, na bili ya mwezi inapanda nacho.

Mtaniambia emuleta si mashine yenyewe. Kwa kasi, kweli. Msipimie kasi huko, mtajidanganya. Lakini maagizo ya prosesa ni yaleyale, EBCDIC, namna meinifremu inavyoandika herufi na tarakimu, ni ileile. Hesabu iliyokosewa huku, na kule imekosewa.

Na Hercules, emuleta aliyoianzisha Roger Bowler mwaka 1999, si ya bure? Ni ya bure. Vijana, ipakueni leo mjifunzie kwa MVS 3.8, mfumo endeshi wa zamani wa meinifremu. Ila IBM haitoi leseni ya kuendeshea z/OS humo. Kampuni itumie emuleta ya IBM yenyewe, ZD&T (Z Development and Test Environment), inayokaa kwenye seva ya kawaida ya Linux. Nayo ni ya kutengenezea na kujaribia tu, msiwahudumie wateja nayo.

Nilitaka kusema mengi kuhusu data, naona naonyeshwa saa. Basi hili moja: kabla hamjanakili faili la wateja kwenda kwenye emuleta, badilisheni majina na namba za akaunti. Laptopu huibiwa kwenye daladala.