Mwaga dhumna mezani kwanza: mhadhara wa uwezekano na takwimu, Chake Chake

Assalaamu alaykum wanangu, na nyinyi walimu wenzangu mlioacha shughuli zenu mkaja, ahsanteni sana. Leo sianzi na fomula. Nimekuja na boksi la dhumna, hili hili la barazani, nalimwaga hapa mezani, niambieni zipo kete ngapi. Ishirini na nane, sawa. Na zenye namba ile ile pande zote mbili, tokea tupu-tupu mpaka sita-sita? Saba. Tuziite pacha. Basi nikizifunika zote nikazichanganya, ukanyanyua moja, uwezekano wa kupata pacha ni 7 kwa 28, yaani robo.

Haya nyanyua mbili. Zote ziwe pacha, je? Hapa ndo wengi wanapoteleza, nasahihisha madaftari miaka na miaka na kila muhula naliona lile lile, mtoto anaandika 7/28 mara 7/28, anapata 1/16, anapiga mstari chini anahamia swali jengine roho yake kunjufu. Kumbe kete ya kwanza ishatoka, iko mkononi mwako! Mezani zimebaki 27, pacha 6, kwa hiyo ni 7/28 mara 6/27, jibu 1/18. Kuna mwanafunzi wangu mmoja nilimwambia ishike hiyo kete usiiachie, haya hesabu zilobaki, akahesabu kwa kidole moja moja mpaka 27, akanyamaza kidogo, kisha akachukua ufutio akafuta mwenyewe. Sikuwa na haja ya kumwambia kitu. Kwa hiyo swali lolote la mipira mfukoni au karata, kabla hujashika kalamu jiulize, hichi kitu kinarudishwa au hakirudishwi?

Neno la pili la kuliogopa ni "angalau". Umegaiwa kete saba, uwezekano wa kuwa na angalau pacha moja ni upi? Ukianza kuhesabu pacha moja, halafu mbili, halafu tatu, adhuhuri itakukuta hapo hapo. Geuza swali, tafuta kukosa kabisa: 21/28 mara 20/27 mara 19/26, unateremka hivyo hivyo mpaka 15/22, inakuja kama 0.098. Toa kwenye moja, 0.902. Yaani ukigaiwa mara kumi, kiasi ya mara tisa utakuwa na pacha.

Na hesabu hizi zina historia yake. Mwaka 1654 kule Ufaransa wanahisabati wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua juu ya maswali ya mcheza kamari mmoja, Chevalier de Méré (kamari kwetu haramu na siwafundishi kamari, lakini hesabu yenyewe ni elimu, tuichukue). Kurusha dadu moja mara 4 upate sita angalau mara moja, ni 671/1296, kama 0.518. Kurusha dadu mbili mara 24 upate sita-sita, ukiangalia haraka utasema ni sawa tu kwa sababu 4/6 na 24/36 ni kitu kimoja, lakini ni 0.491. Moja iko juu ya nusu, nyengine chini. Nendeni mkaifanye kwa kugeuza vile vile.

Takwimu nitapita haraka. Tuseme wachumaji watano wa karafuu wameleta pishi 5, 6, 7, 8 na 24, huyu wa mwisho kaja na wanawe wawili. Wastani ni 10, na hakuna hata mmoja aliyechuma 10! Ya katikati ni 7, na hiyo ndo inayokwambia mchumaji wa kawaida kapata nini. Mtihani ukikuuliza ipi inafaa, angalia kwanza kama kuna mmoja aliyewavuta wenziwe.

Na mazoezi nawaombeni sana msiyafanye kwa kutazama majibu ya nyuma ya kitabu, ukitazama utaona umefahamu na bado hujafahamu. Kisia kwanza, andika ulichokisia pembeni, ndo upige hesabu. Ulilokosa lirejee baada ya siku tatu nne, karatasi tupu.

Haya, changanyeni. Wanne wanne kila meza, kila mmoja saba, tutagawa mara ishirini na mwandishi wa meza anaandika nani kakosa pacha. Mtu asifunue bado, wewe wa nyuma, funika hiyo, kisieni kwanza.