Laptopu mupya lakini mwangaza unavuja pembeni ya ekra: vile unaipima na vile unafanya

Jambo yenu bote, ba yaya na ba leki. Leo tunaongea juu ya hii kintu inaumizaka roho ya batu mingi: umelipa dola zako, laptopu iko mupya kabisa, bushiku unaweka filimu, pale picha inakuwa nyeusi unaona pembeni kuko mwangaza mweupe, sawa vile taa ya chumba ingine inapita chini ya mulango.

Mbele ya kugusa kintu, tujue inatoka wapi. Ekra ya LCD, ile iko pa laptopu mingi, haiwakake yenyewe, kuko taa ndogo ndogo za LED, kwa laptopu mara mingi ziko pembeni upande wa chini, na kuko plastiki inatandaza ule mwangaza nyuma ya ekra yote. Hata kama unaona nyeusi, taa iko inawaka tu, ekra njo inaizuia. Sasa kama kadre imekaza upande moja kuliko ingine, ao zile karatasi za ndani zimesogea kidogo, mwangaza unapata pa kutokea. Bale biko na ekra ya OLED haiwahusu, juu kule kila pikseli (nukta ndogo sana ya picha) inawaka yenyewe, haina taa ya nyuma.

Haya tupime. Fungua Paint, mwaga rangi nyeusi pa picha yote, hifadhi, kisha uifungue na ubonyeze F11 ijaze ekra. Haikuli hata mega moja. Pandisha mwangaza mpaka 100%, na kama uko pa batri angalia muzuri, kuko mashini zinapunguzaka mwangaza zenyewe kama ekra ni nyeusi, ile option iko mu parametre za ekra, izime kwanza ao utadanganyika. Acha iwake kama nusu saa, halafu zima taa zote za chumba.

Na kama uko bado mu magazini, mchana, taa zinawaka kila upande? Hapa njo naomba munisikilize sana. Beba kikwembe. Ndiyo, kikwembe ya mama, nzito nzito. Mwambie muuzaji kwa heshima, papa naomba nipime ekra mbele ya kulipa, unajifunika kichwa pamoja na laptopu, unangoja kidogo macho yazoee giza, unaangalia pembe zote ine. Batu batakuangalia, acha baangalie. Mu Lubumbashi mashini mingi zinapitia mupaka ya Kasumbalesa ao zinatoka Dubai, ukisharudi nyumbani Katuba ao Ruashi na haukuandikisha garanti pa fakitire, kurudisha inakuwa nguvu sana.

Sasa umeona mwangaza. Usikasirike haraka, juu ekra za IPS (ni namna moja ya LCD) ziko na mwangaza yao ingine ya kawaida pa pembe. Fanya hivi: rudi nyuma kidogo, kisha sogeza kichwa kushoto, kuume, yulu, chini. Kama ile doa inahama, inapungua ao inabadirika rangi, ni IPS tu, hata ukibadirisha laptopu ingine ya namna ile utaikuta. Kama doa inabakia palepale, na umbo ileile, mara mingi imeshikana na kadre, ile njo inavuja kweli. Piga foto, lakini telefone inaongezaka mwangaza sana mu giza, bonyeza pa ekra ya kamera na ushushe mwangaza mpaka foto ifanane na vile macho yako inaona, ao muuzaji atasema unaongeza chumvi, na atakuwa na haki.

Nini ya kufanya? Weka mwangaza vile unatumikaka kila siku, labda 40% ao 50%, fungua kazi yako ya kawaida. Kama haionekane, miye naona uiache, hakuna ekra ya LCD inakuwa nyeusi kabisa, na garanti mingi haikubalie kavuja kadogo. Bushiku washa taa kadogo nyuma ya laptopu, macho itaona nyeusi kuwa nyeusi zaidi. Lakini kama inaonekana hata mchana, rudisha mbio, na foto na fakitire, usingoje mwezi uishe.

Kuko video zinaonyesha kusugua pembe na kitambaa laini ao kulegeza visi za kadre. Kulegeza kunaweza kusaidia kweli, juu shida ni ule mukazo, lakini laptopu mingi za sasa kadre imebandikwa na gundi, haina visi hata moja, ukiivuta unaweza kupasua ekra, na garanti inaweza kukufa palepale. Kama garanti imeisha, peleka kwa fundi anafunguaka ekra kila siku. Na kusukuma na kidole, hapana, hapana kabisa! Unaweza kuongeza doa ingine mweupe katikati, na mara mingi ile haitokake tena.

Angalia pia namna unaibeba. Mu taxibus na sakosh imejaa vitabu, ule uzito unakaza kifuniko. Weka chaja mu mufuko ingine, isilale yulu ya laptopu.

Na kama ndugu yako njo anakununulia mbali, mutumie ile picha nyeusi pa WhatsApp leo, aifungue pale pale mu magazini na akutumie foto mbele ya kulipa.