Kupinda na Vijia vya Suffolk: Mhadhara kwa Waendesha Baiskeli

Bibi Mwenyekiti, wazee wangu, kaka na dada, asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumzie safari za baiskeli katika mashamba ya Uingereza. Kwa kuwa wengi wenu mnaishi hapa hapa London, nimechagua sehemu moja ambayo mtu anaweza kuifikia kwa treni Jumamosi asubuhi na kurudi kulala kwake: kusini mwa Suffolk, jimbo la mashariki mwa Uingereza, kwenye bonde la mto Stour. Milima ya Wales na Scotland sitaigusa. Mwenye hamu ya kuteseka anajua mwenyewe pa kwenda.

Njia yangu inaanzia stesheni ya Manningtree, kwenye reli kuu itokayo Liverpool Street kwenda Norwich. Hapo unashika Flatford, East Bergholt, Dedham, Stoke-by-Nayland, Kersey, Lavenham, Long Melford, na unamalizia Sudbury kwenye treni ya kurudi. Ni kama kilomita 60. Juni jua linazama saa tatu na kitu usiku. Sisi tuliozoea kwetu, ikifika saa kumi na moja jioni tunaanza kuhangaika na njia ya nyumbani, kumbe mchana umebaki tele.

Watu husema nchi ile ni rahisi kwa baiskeli kwa sababu ni tambarare. Ni kweli kwamba kilele cha juu kabisa cha Suffolk hakifiki mita 130. Lakini mimi nasema maumbile yamefanya nusu tu ya kazi. Nusu nyingine wameifanya watu, na baadhi yao waliifanya kwa kufilisika.

Chukua Lavenham. Mwanzoni mwa karne ya 16 ulikuwa miongoni mwa miji tajiri kabisa ya Uingereza, na utajiri wenyewe ulikuwa wa kitambaa cha sufu, hasa kile cha buluu. Matajiri wake walijenga kanisa lenye mnara wa zaidi ya mita 40, unaouona juu ya mashamba muda mrefu kabla hujaingia mjini. Kisha wakimbizi kutoka Uholanzi na Flanders, sehemu ya Ubelgiji ya leo, wakahamia Colchester, si mbali na hapo, wakaja na ufundi wa kufuma kitambaa chepesi na cha bei nafuu. Soko la kile kizito likaporomoka. Lavenham ukafukarika, tena kwa karne nyingi. Nyumba zake za mbao hazikubomolewa kujengwa za matofali, kwa sababu hakuna aliyekuwa na fedha ya kubomolea. Zimesimama hadi leo, zimeegemeana, nyingine zimepinda hata unajiuliza mlango unafungwaje. Mitaa nayo ilibaki na upana uleule wa zamani. Leo watalii wanalipa pesa nzuri kulala ndani ya nyumba zilizonusurika kwa umaskini, na wenyeji wanaotaka kununua nyumba hizo wanajua bei yake ikoje.

East Bergholt pia kazi iliishia njiani. Ndipo alipozaliwa mchoraji John Constable mwaka 1776, na kinu cha maji cha Flatford kilikuwa cha baba yake. Watu humiminika Flatford kutazama mahali alipochora. Mimi nawaomba mpite kwanza kanisani. Mnara wa kengele ulianza kujengwa miaka ya 1520, ukaachwa haujakamilika. Kengele zikahitaji pa kukaa, wakazijengea kibanda cha mbao uani mwaka 1531, kiwe cha muda tu. Ziko humo mpaka leo, chini kabisa, na wapigaji husimama karibu nazo wakazisukuma kwa mikono, bila kamba. Kibanda cha muda cha karibu miaka 500! Tusiwacheke sana, na sisi tunayo madaraja yetu ya muda.

Sasa vijia vyenyewe. Ukivitazama kwenye ramani utadhani aliyevichora alikuwa amelewa. Vinakata kushoto, vinarudi kulia, vinazunguka shamba ambalo wewe ungelipita katikati. Sababu ni kwamba kusini mwa Suffolk mashamba yalizungushiwa nyua za miti zamani sana, kila mtu na kipande chake, na njia ikabidi ipite ukingoni. Ukiendesha kuelekea magharibi hadi Cambridgeshire unaona kitu tofauti: barabara zimenyooka, zina majani mapana pande zote mbili, na nyua zimepandwa kwa mstari. Kule ardhi iliyokuwa ikilimwa na kuchungwa kwa pamoja iligawanywa kwa sheria za Bunge, karne ya 18 na 19. Wapimaji walikuja na minyororo yao, na wanyonge wengi wakapoteza mahali pa kulishia ng'ombe wao. Kwa hiyo hata bila kitabu, magurudumu yako yanakuambia ardhi hii ilichukuliwa lini na kwa namna gani. Kwa macho ya msafiri nyua zote ni nzuri, na mimi nazipenda, ila zile zilizonyooka sizitazami tena kama zamani.

Kuna na waliopigania haki. Chama cha wasafiri wa baiskeli kilianzishwa Harrogate mwaka 1878, na sasa kinaitwa Cycling UK. Mwaka 1886 waendesha baiskeli waliungana kudai barabara zitengenezwe, wakati magari yalikuwa bado hayajaonekana nchini. Mwaka 1888 sheria ikaitambua baiskeli kuwa chombo cha usafiri chenye haki yake barabarani. Mwaka 1968 wakaruhusiwa kupita njia za wapanda farasi. Njia za waenda kwa miguu hawakupewa, kwa hiyo mkiona kibao cha mtu anayetembea, shukeni.

Nije kwenye hatari, maana nikiwaacha na picha ya maua na kengele nitakuwa nimewadanganya. Kijia ambacho magari mawili hayapishani, chenye ua mrefu kuliko kichwa chako, kwa kawaida kinaruhusu mwendo wa maili 60 kwa saa. Hizo ni kama kilomita 96! Sheria hiyo siielewi na sitajaribu kuitetea. Msijibane ukingoni mwa barabara. Kwenye kona endesheni mbali kidogo na ua, ili dereva awaone mapema. Mwongozo wa barabarani unamtaka akupite kwa nafasi ya angalau mita moja na nusu, na asipoipata asubiri nyuma yako.

Hatari ya pili ni ndogo ila inaudhi. Wakulima hukata nyua zao kuanzia Septemba, ndege wakishamaliza kulea vifaranga, na miba ya miti ile hutapakaa barabarani. Ukienda vuli, beba tyubu mbili na pampu. Mei na Juni pancha ni chache.

Upepo nao. Huko hakuna kusi wala kaskazi ya kukupangia miezi, lakini mara nyingi unatoka kusini-magharibi. Angalia utabiri, ukiona siku nzima ni upepo wa mbisho, geuza safari, anzia Sudbury. Mvua isiwatishe. Upande ule ni mkavu kuliko sehemu nyingi za nchi, na kwa mwaka haupati hata mvua inayonyesha Dar es Salaam. Inachofanya ni kunyunyiza nyunyiza tu, bila kuamua.

Baiskeli ya bei mbaya haihitajiki. Raleigh walizobebea mizigo babu zetu zilitoka Nottingham, nchi hii hii, na zilipita pabaya kuliko Kersey. Pale Kersey kijito kinakatiza barabara kuu ya kijiji, nanyi mtapita ndani ya maji, kisha mpande mwinuko. Gia nyepesi na keria imara vinatosha. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la nchi hii, mshale mmoja juu ya barabara ni mlima mkali, miwili ni wa kushuka na kukokota.

Chakula: baa nyingi za vijijini hufunga jiko mapema alasiri, na asiyekunywa pombe huagiza chai bila kuulizwa neno. Mtatazamwa, hasa dada zetu wenye hijabu. Salimieni kwanza, kwa sauti. Wengi ni wastaafu waliokosa wa kuzungumza naye, na mazungumzo yataanzia kwenye hali ya hewa, yaishie kwenye goti linalouma.

Treni za kutoka Sudbury huenda Marks Tey, ambako mnabadilisha kwa London. Baiskeli hailipiwi, ila ulizeni saa wanazozikataa. Maswali tuanzie nyuma. Naona Mzee pale kainua mkono tangu niliposema maili 60.