Lubumbashi hawasemi shikamoo: wazee wetu wa Tabora katika utume

Ndugu zangu wa Tabora na Tanzania nzima, jambo. Kwetu tumewaachia watalii salamu hii, lakini huku Lubumbashi, Kongo, ndiyo salamu ya watu wazima. Hapa ni saa moja jioni, kwenu saa mbili. Huo mngurumo mnaousikia ni jenereta ya jirani, umeme umekatika tangu mchana.

Wengi mmeniuliza habari za wale wazee wawili niliowaonyesha kwenye video ya siku ile sokoni. Baba ni mwalimu mstaafu, mama alikuwa nesi. Watoto wao wote wana miji yao. Nyumba wamempangisha mtu, wakakubali kutumwa na kanisa lao kuhudumu huku miaka miwili. Sasa wana miezi saba. Majina wameniomba nisiyataje.

Walikuja kwa barabara: Mbeya, Tunduma, wakaikata Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Anayepajua Kasumbalesa anaijua ile foleni ya malori, na madereva wengi pale ni vijana wetu wanaopeleka shaba Dar. Mama alishuka miguu imevimba. Lakini safari aliisahau upesi. Kilichomuumiza ni shikamoo.

Wiki za kwanza alikuwa akikaa kibarazani, watoto wa mtaa wanapita, wanasema "Jambo mama," basi, wamekwenda. Mama wa Kinyamwezi, ana miaka sitini na nane, amezoea kuitikia marahaba tangu asubuhi hadi jioni! Akaniambia, "Mwanangu, huku hatuna umri. Tumekuwa watu tu." Nilimwona machozi yakimlengalenga, nikakosa la kusema.

Kisha siku moja kijana wa jirani akabisha hodi nami nipo. Akauliza, "Mama, baba beko?" Mama akajibu, "Mababa gani? Baba yupo mmoja." Kijana akabaki kaduwaa. Ikabidi niingilie. Nikamweleza mama kwamba huku mtu wa heshima hatajwi kwa umoja. Kijana akimtaja mtoto mwenzake atasema "eko", yaani yuko. Akimtaja mzee atasema "beko", yaani wako, hata mzee akiwa peke yake. Baba akihubiri, vijana husema "banasema". Na nikamwonyesha jinsi kijana yule alivyompa mkono: wa kushoto umeushika wa kulia, magoti yamekunjwa kidogo.

Mama akanyamaza kitambo. Akaniambia rudia tena. Nikarudia. Akasema, "Kumbe muda wote huu walikuwa wananiamkia."

Tangu siku ile namwona mama mwingine. Anatoka, anaingia nyumba za watu, anakaa na wazazi wapya, anawashika watoto. Unesi wenyewe hafanyi, maana hana kibali, na karatasi zote za ofisini ni Kifaransa. Anachofanya ni kukaa na watu. Katika mji huu ambao vijana wengi wamekuja kufuata migodi na bibi zao wamebaki vijijini, mimi naona hiyo ni kazi kubwa kuliko mnavyodhani.

Baba naye lake lilikuwa mahubiri. Alidhani lugha anayo, ndiyo maana kanisa lilimchagua yeye. Jumapili ya kwanza kule Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, alihubiri kwa Kiswahili kile chake kilichonyooka. Baada ya ibada bibi mmoja akamfuata taratibu: "Baba, munahubiri mu Kiswahili bora. Ni muzuri, lakini batoto habasikie." Kiswahili bora ndivyo wanavyokiita hiki chetu, cha vitabu na cha Biblia. Cha nyumbani kwao ni kingine.

Basi sasa kila Alhamisi mwalimu huyu, aliyeshika chaki maisha yake yote, anakaa na akina mama wa Katuba akiwa na daftari. Makaa, makala. Ugali, bukari. Kisamvu, sombe. Pesa, feza. Anaandika, wanamsahihisha. Nilipoona lile daftari nilijua hawa wazee wamefika.

Na kuna jambo la kwetu Unyamwezi hapa. Msiri, yule mfalme aliyetawala sehemu kubwa ya Katanga, jimbo hili la Lubumbashi, kutoka mji wake wa Bunkeya, alikuwa Mnyamwezi, aliyekuja na biashara ya shaba na pembe. Ndiye aliyempokea mmisionari Arnot kutoka Uskochi mwaka 1886, na akauawa kwa risasi Desemba 1891 na watu waliotumwa na mfalme wa Ubelgiji. Wajukuu wa watu wake ndio Bayeke, wapo mpaka leo. Jirani wa wazee wetu, mlango wa tatu, ni Muyeke. Alipowauliza wanatoka wapi wakasema Tabora, alisimama akawakumbatia, akasema nyinyi ni ndugu zangu mliochelewa.

Sasa niseme na watoto wao, maana najua mnanitazama. Msiwapigie kila siku kuwauliza watarudi lini. Mama akikata simu hiyo hukaa kimya hadi usiku. Waulizeni wamekula nini, wamemtembelea nani. Na mkiwatumia dola, chagueni noti safi mpya. Noti yenye mchaniko hata wa ukucha huku hakuna dukani anayeipokea. Walishahangaika na moja wiki mbili nzima.

Mama ana ombi moja. Anayekuja kwa njia ya Tunduma ambebee asali ya Tabora, lita moja inatosha. Anataka kumpelekea yule Muyeke, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuionja. Dereva anayepita aniandikie hapo chini, nitamfuata mwenyewe Kasumbalesa.